Chama Gani ni cha Waislamu? Akili, Hisia na Dini katika Siasa za Vyama

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake. Amma ba'd.

Mwaka 2019, katika mwezi wa Rajab, nilialikwa Mwanza kusomesha darsa baada ya Isha. Usiku mmoja, watu walipokwisha kutawanyika, alinijia kijana mmoja mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ilikuwa kubwa, na wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria hawatoki katika siku hizo, kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa mwezi unapong'ara. Kwa hivyo alikuwa na nafasi ya kukaa msikitini.

Akaniuliza: "Sheikh, naomba unijibu bila ya kunificha. Chama gani ni cha Waislamu?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akasita, kisha akasema kwamba yeye na kaka yake, baba mmoja mama mmoja, wana mtumbwi mmoja waliorithi kwa marehemu baba yao. Kaka yake amechukua kadi ya chama kingine. Tangu hapo hawasalimiani. Mtumbwi wanautumia kwa zamu, na mama yao anawapikia kila mmoja kwa wakati wake. Alitaka nimpe jawabu moja tu, ili aende akamwambie kaka yake: "Umesikia? Sheikh wa Zanzibar amesema wewe uko upande wa makafiri."

Sikumpa jawabu alilolitaka. Lakini swali lake nimekuja nalo mpaka nyumbani, kwa sababu sisi wa Unguja na Pemba tunalijua kuliko yeye, ingawa kwetu limevaa nguo nyingine. Makala hii ni jawabu lake, na khaswa nawaandikia wazee wa familia, kwa sababu fitna hii huanzia mitaani na hulala majumbani.

Yaliyotokea Kanda ya Ziwa

Mwanza na mikoa jirani ni mahala ambapo Waislamu na Wakristo wanaishi nyumba moja. Utamkuta Mwislamu ambaye mjomba wake ni mzee wa kanisa, na Mkristo ambaye shangazi yake amekwenda Hijja. Sokoni wanauziana, ziwani wanavua pamoja, msibani wanazikana.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 ulizuka mgogoro wa kuchinja. Kwa miaka mingi nchini kwetu ilizoeleka kwamba nyama inayouzwa kwa watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili kila mtu aweze kuila. Baadhi ya Wakristo wakasema nao wana haki ya kuchinja na kuuza. Maneno yakapanda. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoani Geita, zikatokea vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Viongozi wa Serikali na wa dini wakakaa vikao, na kauli ikatolewa kuwa utaratibu uliozoeleka uendelee.

Ndugu msomaji, tuzingatie. Mas-ala ya kichinjo cha Ahlul Kitabu yamo katika vitabu vya fiqhi, na wanavyuoni wameyajadili kwa karne nyingi. Wamekubaliana baadhi na wamekhitilafiana baadhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kwamba dawa ya mas-ala haya ni kumwaga damu ya mtu. Waliogombania damu ya mnyama wakaishia kwenye damu ya binadamu. Hapo elimu ya dini ilikuwa imeshatoka nje, na kilichobaki ndani ni jina lake tu.

Na jina hilo lilikwisha kupelekwa katika vyama. Katika miaka ile, na tangu uchaguzi wa 2010, ilikuwa ni kawaida kusikia kwamba CUF ni chama cha Waislamu na CHADEMA ni chama cha Wakristo. Mtu mwenye akili atauliza: ushahidi uko wapi? Mwenyekiti wa kwanza wa CUF alikuwa James Mapalala, naye ni Mkristo. Katika CHADEMA, mmoja wa viongozi wake wakubwa wa miaka ile alikuwa Zitto Kabwe, Mwislamu wa Kigoma, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu. CCM imetoa Marais Waislamu na Wakristo. Na Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 20, inazuia kusajiliwa chama chenye lengo la kuendeleza maslahi ya dini fulani. Kwa hivyo kisheria chama cha Waislamu hakipo, na cha Wakristo hakipo.

Ushahidi mwingine umo katika kura za Mwanza zenyewe. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela yalichukuliwa na CHADEMA. Mwaka 2015 yote mawili yakarudi CCM. Je, ndani ya miaka mitano watu wa Mwanza walibadilisha dini? Misikiti ilikuwa ile ile na makanisa yale yale. Watu waliangalia mambo yao ya dunia, yaliyowaridhisha na yaliyowaudhi, wakapima, wakachagua. Wengine walipatia na wengine walikosea, lakini walikuwa wanapima. Anayekwambia kwamba kura ya Mwanza ni vita vya msalaba na mwezi anakutaka uache kupima.

Basi tatizo ni dini mbili kukaa pamoja?

Wako wanaosema hapa kwetu: "Hayo ni ya Bara, kwa sababu wamechanganyika. Sisi visiwani karibu sote ni Waislamu." Ningependa maneno hayo yawe kweli. Lakini sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya tisini tunajua kuwa si kweli.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambao matokeo yaliyotangazwa yalionesha wagombea wawili wa urais wamepishana kwa chini ya asilimia moja, visiwa vyetu viligawika. Kibla kimoja, madhehebu moja, maulidi yale yale, na juu ya hayo watu wakasusiana maduka, wakasusiana magari ya abiria, wakasusiana harusi na maziko. Ilifika hadi mtu kuacha msikiti wa mtaani kwake na kutembea mbali ili asiswali nyuma ya imamu wa chama kingine. Kisha yakaja ya Januari 2001. Waliuawa watu Pemba na Unguja, na zaidi ya watu elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi. Waliokufa walikuwa Waislamu, na waliowalilia ni Waislamu.

Nami nina la kukiri. Katika miaka ile nilikuwa kijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, nimetoka masomoni, najiona nimeijua dini. Alifariki mzee wa mtaani kwetu aliyenisomesha juzuu ya 'Amma nikiwa mdogo. Alikuwa wa upande wa pili. Nilisikia tanzia yake asubuhi, nikajitafutia shughuli. Sikwenda kumswalia, sikwenda kumzika. Nilijiambia kuwa nina udhuru, lakini sikuwa na udhuru wowote isipokuwa rangi ya bendera. Suratul-Fatiha ninayoisoma katika kila swala yangu niliipokea kinywani mwake, na mimi sikumrushia hata gao moja la mchanga. Nimetubu, na nimewaomba radhi wanawe, wakanisamehe. Lakini maziko hayarudiwi.

Basi tukiweka Mwanza na Pemba pamoja, linatudhihirikia jambo moja. Kule watu walisema wanagombana kwa sababu dini zao ni mbalimbali. Hapa dini ilikuwa moja, na tuligombana vile vile, na pengine zaidi. Ugonjwa basi haukuwa dini. Ugonjwa ni *asabiyya*, yaani mtu kumnusuru wa kwao kwa sababu tu ni wa kwao, akiwa katika haki au katika dhulma. Asabiyya huvaa nguo yoyote inayoikuta. Ikikuta dini mbili, itavaa dini. Ikikuta dini moja, itavaa kisiwa, kabila au chama.

Jina zuri likitumiwa vibaya

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Jabir (radhiya Allahu 'anhu) kisa kilichotokea safarini. Mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga mtu katika Answari. Huyu akawaita Answari wenzake, na yule akawaita Muhajirina wenzake. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliposikia, akauliza vipi unaitwa wito wa kijahiliya, akawaamrisha wauache kwa sababu unanuka.

Majina hayo mawili si majina mabaya. Allah Mwenyewe amewasifu Muhajirina na Answari katika Suratut-Tawba. Lakini jina lile lile tukufu lilipotumiwa kukusanya watu wapigane bila ya kuuliza nani mwenye haki, Mtume aliliita la kijahiliya. Ikiwa jina "Answari" linaweza kunuka likitumiwa hivyo, vipi jina la chama kilichosajiliwa kwa msajili? Na vipi jina "Mwislamu" lenyewe, linapotumiwa kuombea kura?

Akili, hisia na dini: kila kimoja na kazi yake

Isieleweke kwamba nawataka watu wawe mawe. Hisia ameziumba Allah, na zina kazi yake. Mama anayeona mwanawe hana kazi, mvuvi anayenyang'anywa nyavu zake, mtu anayeamini kuwa kura yake haikuhesabiwa, hawa wana haki ya kuumia. Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) hakukasirika kwa ajili ya nafsi yake, lakini alikasirika mipaka ya Allah ilipovunjwa. Kwa hivyo hisia ni kama mlinzi anayegonga mlango usiku kukwambia kuna jambo. Kazi yake ni kukuamsha. Lakini mlinzi hapewi hukumu. Ndiyo maana imekuja katika hadithi ya Abu Bakra (radhiya Allahu 'anhu) kwamba kadhi asihukumu baina ya watu wawili naye ameghadhibika. Ikiwa kadhi, pamoja na elimu yake, anakatazwa, vipi mimi na wewe tunaohukumu watu elfu kwa ujumbe mmoja wa simu, na damu inachemka?

Akili kazi yake ni kupima: habari hii imetoka wapi, mgombea huyu amefanya nini, ahadi hii inatekelezeka? Katika Suratul-Israa aya ya 36 Allah anatukataza kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na anatujulisha kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na katika Suratul-Hujurat aya ya 6 tumeamrishwa kuhakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Asiyetumia akili yake katika siasa asidhani kuwa amemtegemea Allah. Amemtegemea mpiga domo jukwaani.

Dini kazi yake ni kuweka mipaka na mizani. Haikutwambia tumchague fulani wa chama fulani. Imetwambia uongozi ni amana, na amana wapewe wanaostahiki (An-Nisaa: 58). Imetwambia tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa zetu (An-Nisaa: 135). Na imetwambia kuwachukia watu kusitupelekee tukaacha kuwafanyia uadilifu (Al-Maida: 8). Zingatia: aya haikusema usimchukie mtu kabisa. Imesema chuki yako isikuondoe katika haki. Huyo ndiye mwanasiasa Mwislamu: anaweza kushindana, anaweza kuumia, anaweza kulalamika, lakini hamsingizii mpinzani wake uongo.

Mambo yanaharibika pale vitatu hivi vinapobadilishana nafasi: hisia zikakaa kwenye kiti cha hukumu, akili ikafanywa wakili wa kutafutia hisia hoja, na dini ikapandishwa jukwaani kuwa kipaza sauti.

Funzo la Hudaybiya

Mwaka wa 6 Hijria, Maswahaba walitoka kwenda 'Umra wakazuiwa. Yakaandikwa mapatano yaliyowauma. Suhayl bin 'Amr alikataa hata isiandikwe "Mtume wa Allah", na Mtume akakubali liandikwe jina lake na la baba yake. Sayyidna 'Umar (radhiya Allahu 'anhu), kwa mapenzi yake ya dini, alishindwa kuvumilia, akauliza kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu. Hisia zake zilikuwa za kweli na safi. Lakini haki ilikuwa katika subira, na mwenyewe baadaye alifanya amali nyingi njema kufidia maneno yale.

Watu walipoamrishwa wachinje wanyama wao na wanyoe, hawakuinuka kwa huzuni. Aliyepata ufumbuzi ni mwanamke, Mama wa Waumini Ummu Salama (radhiya Allahu 'anha). Alimshauri Mtume atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Alipofanya hivyo, wote wakafuata. Mama zetu wazingatie hapa. Fitna ya mamia ya wanaume ilitulizwa kwa akili ya mama mmoja ndani ya hema.

Sisi pia tuliwahi kuonja matunda ya subira. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, wakapeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi, takriban thuluthi mbili, wakakubali kwa kura ya maoni Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani, na watu wasiozikana wakazikana. Ni kweli yalikuja mengine baadaye. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, na vidonda vikafunguka tena. Maridhiano bila ya uadilifu hayadumu, na anayewataka watu wasamehe kila siku huku hataki kuacha dhulma, huyo anaichezea dini. Lakini tulionja, na tunajua kuwa inawezekana.

Muhtasari wa hukumu

Kwa kuwa wengi huuliza, nayataja kwa ufupi.

*Kujiunga na chama na kupiga kura.* Wanavyuoni wa zama zetu wamekhitilafiana. Wapo waliokataza, na wapo walioruhusu kwa kuona ni njia ya kuleta maslahi na kuzuia madhara. Ninaloliona kuwa na nguvu ni kwamba inajuzu, kwa sharti mtu asikifanye chama kipimo cha kupenda na kuchukia, na kura yake aitoe kama anavyotoa ushahidi. Kwa hivyo kuiuza ni haramu.

*Kususiana.* Si halali kwa Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu kwa ajili ya mambo kama haya, na mbora wao ni anayeanza kutoa salamu. Kumzika Mwislamu ni haki yake juu yako, haiondolewi na kadi. Na jirani asiyekuwa Mwislamu naye ana haki ya ujirani mwema, awe wa chama chochote.

*Mimbari.* Khatibu awafundishe watu amana, uadilifu na kuhakikisha habari, na akemee dhulma. Ama kuwatajia waumini mgombea wa kumpa kura, huko ni kuukata msikiti vipande viwili.

*Talaka za uchaguzi.* Hili limetokea kwetu, na ni aibu. Mume asimwambie mkewe: "Ukikipigia chama fulani, umeachika." Kura ya mke ni amana yake, ataulizwa yeye. Maneno ya talaka si mzaha, na kwa wanavyuoni walio wengi talaka iliyofungwa kwa sharti hupita sharti linapotokea. Aliyekwisha kuyatamka asitafute fatwa kwenye makundi ya simu. Aende kwa Kadhi, yeye na mkewe, aeleze alivyosema na alivyokusudia.

*Kabla ya kusambaza ujumbe wa siasa*, jiulize: nimehakikisha? Lau ungekuwa unamhusu mtu wa chama changu, ningeuamini? Mama yangu akinisomea mbele ya watu, nitaona haya?

Jahazi moja

Watu wa ziwani na watu wa baharini tunafanana katika msiba mmoja. Wao wana MV Bukoba ya Mei 1996 na MV Nyerere ya Septemba 2018 pale Ukara. Sisi tuna Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012. Kila familia ina mtu wake majini. Maji hayakumuuliza mtu kadi.

Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam), katika hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyopokewa na Bukhari, alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa sehemu yao wapate maji bila ya kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wataangamia wote. Wakizuiwa, wataokoka wote. Usidhani mfano huu unawalaumu wa chini peke yao. Wa juu nao wajiulize kwa nini wenzao walifika kuona ni bora kutoboa kuliko kupanda kuomba maji.

Mfano huu ndio niliompa yule kijana wa Mwanza. Nikamwambia: "Baba yenu amekuachieni mtumbwi mmoja. Chama cha Waislamu sikijui. Lakini Mwislamu namjua: ni yule ambaye kaka yake anasalimika na ulimi wake. Nenda kamwamkie kaka yako, kisha mbishane."

Akainama kimya, akaondoka. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu na imamu wa msikiti ule. Kiza kilipoingia, wale ndugu wawili walitoka ziwani usiku mmoja, katika mtumbwi mmoja. Kadi zao hawakuzirudisha, wala mimi sikuwaambia wazirudishe. Mama yao anapika chungu kimoja.

Tunamuomba Allah atuoneshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka, aunganishe nyoyo zetu, awarehemu waliotangulia katika fitna zetu, na atusamehe sisi tuliobaki.

WaAllahu a'lam.